Majina ya asili ya mapacha: yamechuja au hayachuji?

Swali la msomaji: "Nina mimba ya mapacha, na daktari ameshatuambia ni mvulana na msichana. Mama mkwe anataka waitwe Kulwa na Doto, kama walivyoitwa mapacha wote wa ukoo wao. Mdogo wangu anasema hayo ni majina ya bibi zetu na watoto watachekwa shuleni. Yeye anapendekeza Jayden na Jaylene. Mume wangu anasema nitakalochagua ni sawa, yaani ameniachia mzigo. Kweli majina ya asili ya mapacha yamepitwa na wakati, au ni yale yasiyochuja?"

Hongera sana, mama kijacho, na pole kwa kubeba wawili. Kati ya jozi mbili ulizoniletea, itakayochuja mapema ni Jayden na Jaylene, wala si Kulwa na Doto. Ila usikimbilie kumpigia simu mama mkwe. Jina kutochuja ni jambo moja na jina kuwafaa wanao ni jambo jingine kabisa, na majina ya asili ya mapacha yana gharama yake ambayo mdogo wako hakuigusa.

Tuanze na hili la kuchuja. Wengi wanadhani jina huzeeka kwa sababu ni la zamani. Ingekuwa hivyo, Maria, Yusufu na Fatuma yangekuwa yameshasahaulika karne nyingi zilizopita. Kinacholizeesha jina ni msongamano: linapewa watoto wengi mno ndani ya miaka michache, halafu linaachwa ghafla. Watoto wale wanakua pamoja, wanaoa na kuolewa pamoja, wanaota mvi pamoja, na jina linabaki limenata kwenye rika lao. Ukilisikia tu, umeshamkadiria mwenyewe umri.

Marekani ndiko unakoweza kuliona hili kwa namba, maana mamlaka ya hifadhi ya jamii ya huko ina orodha ya majina ya watoto kuanzia waliozaliwa 1880. Jina Linda liliongoza kwa wasichana kuanzia 1947 hadi 1952. Wakati ule hapakuwa na jina la kisasa kulishinda. Leo Mmarekani akiambiwa kuna mgeni anaitwa Linda, anamwandalia kiti cha bibi. Akaja Jennifer, akaongoza miaka 15 mfululizo, 1970 hadi 1984, na sasa ni jina la kina mama wenye watoto wakubwa. Halafu mtazame Elizabeth. Katika orodha ile yote halijawahi kushika nafasi ya kwanza hata mwaka mmoja, wala halijawahi kuporomoka. Lipo tu, kila rika lina akina Elizabeth wake, na ukilisikia huwezi kujua kama anayeitwa ana miaka minne au themanini. Jina lisilochuja ndilo hilo.

Jayden liko kundi moja na Linda. Lilipanda pamoja na Aiden, Brayden na Kayden, likaingia kumi bora za Marekani kuelekea 2010, kisha likaanza kuteremka. Mdogo wako analiona jipya kwa sababu kwetu limefika likiwa limechelewa. Wanao wakifikisha miaka 30, Jayden ndilo litakalowataja mwaka waliozaliwa.

Kuhusu "majina ya bibi zetu", mdogo wako anasema ukweli wa masikio yake. Majina ya rika la wazazi tunayaona ya kawaida. Ya bibi na babu tunayaona ya kizee kwa sababu wenyewe tuliwakuta wazee tayari. Ya waliowazaa hao, ambao hatukuwaona, huanza kupendeza upya. Emma lilikuwa la tatu Marekani mwaka 1880. Lilishuka na kushuka hata kufikia miaka ya 1970 likawa huko chini kwenye mamia. Mwaka 2008 likaongoza, na likarudi kuongoza mfululizo kuanzia 2014 hadi 2018. Henry nalo lilitoka kumi bora likakaa nje miaka mingi, na sasa limerudi. Watakaosoma darasa moja na wanao hawatakuwa na sura ya bibi yako kichwani wakisikia Doto. Watakuwa na sura ya Doto wao.

Sasa tofautisha jina la zamani la kawaida na jina la mapacha. Jina la kawaida huchaguliwa na mzazi kwa anavyopenda, na mapenzi ya watu hupanda na kushuka. Jina la asili la mapacha halisubiri mtu kulipenda: wamezaliwa wawili, basi wa kwanza ni fulani na wa pili ni fulani. Wasukuma na Wanyamwezi wana Kulwa na Doto, ambayo yamekwishaenea kwa makabila mengine mengi. Waluo wana Opiyo na Odongo, kwa wasichana Apiyo na Adongo. Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana. Waluhya wana Mukhwana na Mulongo, Warundi wana Bukuru na Butoyi, Bakongo Nsimba na Nzuzi, Waluba Mbuyi na Kabanga, Wayoruba Taiwo na Kehinde. Majina haya hayawezi kujaa kupita kiasi katika rika moja, kwa sababu mapacha hawazaliwi kwa mtindo. Makadirio yaliyochapishwa 2021 yanasema duniani huzaliwa jozi za mapacha zipatazo milioni 1.6 kwa mwaka, na uzazi wa mapacha umetoka kama 9 kwa kila 1,000 miaka ya 1980 hadi 12. Hilo ni ongezeko kubwa kwa madaktari, lakini kwa majina ni mwendo wa kobe. Kila rika hupata akina Kulwa wake wachache, sawasawa na Elizabeth.

Na hayamzuii mtu kufika popote. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1997 hadi 2006, jina lake kamili ni Kofi Atta Annan; hilo Atta ndilo jina la pacha kwa Waakan wa Ghana, na alizaliwa Kumasi mwaka 1938 pamoja na dada yake Efua. Doto Biteko alipoteuliwa naibu waziri mkuu wa Tanzania mwaka 2023, watu walijadili cheo, siyo jina. Shuleni watoto hucheka jina lolote wakishaamua kucheka, na Jayden nalo lina vina vyake vya kuchezewa. Hoja hiyo iache.

Gharama niliyoitaja mwanzoni ni hii: jina la mapacha linamtangaza mwenyewe kabla hajafungua mdomo. Doto akifika dirishani kuchukua fomu, karani anasoma jina, anainua macho, kalamu ingali mkononi: "Kulwa yuko wapi?" Ataulizwa hivyo shuleni, kwenye usaili wa kazi, kwenye daladala, mpaka uzeeni. Wapo wanaolipenda swali hilo, linawafungulia mazungumzo na watu. Wapo linaowachosha, hasa mapacha wasiofanana tabia wala hawakukaa karibu. Na wapo waliofiwa. Sikutii hofu, mapacha wengi sana hukua wote wawili wakafika utu uzima, lakini siku moja mmoja atatangulia, hata kama ni wakiwa na miaka tisini, na anayebaki ataendelea kuulizwa na watu wasiomjua. Wengine hujibu tu "yupo", wachukue fomu yao waondoke. Mama mkwe anapokwambia mapacha wote wa ukoo waliitwa hivyo, kama yupo mmoja aliye hai kaa naye faragha umwulize amelibebaje jina hilo. Atakuambia mambo ambayo mimi siwezi.

Gharama ya pili ni daraja. Jina hili limeandika nani wa kwanza na nani wa pili, na tofauti yao ni dakika chache. Ukijifungua kwa upasuaji, aliyeamua Kulwa ni nani ni mkono wa daktari, aliyemfikia aliyekuwa karibu. Halafu hata ukubwa wenyewe watu hawakubaliani. Kwa Wayoruba, Taiwo ndiye hutoka kwanza, lakini mkubwa ni Kehinde, kwa hoja kwamba ndiye aliyemtuma mdogo wake akachungulie dunia ikoje. Kwa mapacha wa mtawala wa Monaco waliozaliwa mwaka 2014, Gabriella alizaliwa dakika chache kabla ya Jacques, ila mrithi wa kiti ni Jacques kwa kuwa sheria yao inatanguliza mvulana. Kwa hiyo ukubwa wa pacha ni uamuzi wa watu zaidi ya saa ya kuzaliwa, na kama nyumbani kwenu mkubwa ndiye anayetumwa, anayelaumiwa na anayepewa kwanza, jueni kwamba mnaugawa uamuzi huo siku ya kwanza. (Shuleni, kwa faraja ya Doto, majina yakiitwa kwa alfabeti yeye ndiye atamtangulia Kulwa.)

Tena mila hii haiishii kwa wawili. Anayefuata baada ya mapacha naye ana jina lake: Shija kwa Wasukuma, Kizza kwa Waganda, Okello au Akello kwa Waluo, Idowu kwa Wayoruba. Ukikubali la leo, ukishika mimba nyingine mama mkwe atakuja na jina mkononi. Kama hutaki, mwambie mapema.

Jambo linalochakaa haraka kuliko yote kwa mapacha si jina moja moja, ni ule ufananishaji. Jayden na Jaylene, Brian na Bryan, Careen na Charlene. Yanapendeza kwenye kadi ya hongera tu. Mamlaka ile ya Marekani iliwahi pia kutoa orodha za majina ya mapacha, na katika miaka ya 2000 walioshika nafasi za juu ni akina Jacob na Joshua, Matthew na Michael, Daniel na David, Ella na Emma. Ukiyatenga ni majina imara yasiyo na kosa. Kosa linaanza yakikaa pamoja: herufi ya kwanza ileile, jina la ukoo lilelile, tarehe ya kuzaliwa ileile. Kila mfumo wa kompyuta unaoandika herufi ya kwanza na jina la ukoo utawaona kuwa mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili, na yupo mtu makini ofisini atakayefuta "marudio" hayo. Hospitalini ni zito zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani 2019 kuhusu vyumba vya uangalizi maalumu wa watoto wachanga ulionyesha kwamba maagizo ya matibabu huandikwa kwa mtoto asiyehusika mara nyingi zaidi kwa mapacha kuliko kwa waliozaliwa peke yao. Na nyumbani je? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walieleza mwaka 2016 kwamba tunapokosea majina ya watu, kwa kawaida tunachanganya walio kundi moja, mathalani watoto wa nyumba moja, na majina yanayofanana sauti huongeza mkorogano. Mama mwenye usingizi saa tisa usiku, mmoja kavuta pazia, anaanza: "Jay… Jayle… we!" Kulwa na Doto angalau hayana tatizo hilo. Hayagongani hata kwa silabi moja.

Labda unajiuliza kuhusu Hassan na Hussein, au Petro na Paulo, ambayo nayo mapacha wengi hupewa. Kwa kweli hakuna pacha hata mmoja hapo. Hassan alizaliwa mwaka wa 3 Hijria na Hussein mwaka wa 4, ni kaka na mdogo wake. Petro na Paulo hawakuwa hata ndugu, wameunganishwa na sikukuu yao ya Juni 29. Mapacha halisi wa Biblia ni Esau na Yakobo, na Peresi na Zera, na sijakutana na foleni ya wazazi wanaomgombania Esau. Lakini angalia kilichozifanya jozi hizi zidumu. Hassan anasimama bila Hussein. Akitaka kukuambia ana pacha atakuambia, asipotaka hutajua. Uhuru huo Kulwa hana, na kwangu mimi una thamani kubwa.

Ndiyo maana jozi ninazozipenda ni za majina mawili yanayojitegemea, ya uzito mmoja, yasiyogongana masikioni. Watoto mapacha wa kifalme wa Denmark waliozaliwa Januari 2011 waliitwa Vincent na Josephine: yote ni ya zamani, hayana herufi ya kwanza moja, na ukiyasikia pamoja unajua yametoka kwa wazazi walewale. Kwa Kiswahili tuna hazina ya kutosha. Neema na Baraka yanakaa vizuri. Zawadi na Amani vilevile. Amani na Imani ningeyakwepa, maana kwenye simu hayatofautiki. Na tafadhali, maana zenyewe zilingane; kuna wazazi humpa mmoja Furaha na mwenziwe Mashaka, kisha wanashangaa mmoja analalamika.

Kwa hali yako, ya mvulana na msichana, ningekuwa mimi ningewapa kila mmoja jina lake linalosimama peke yake, kisha Kulwa na Doto yakawa majina ya pili, yaandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa na si ya kuitana nyumbani tu. Hao wa Denmark walifanyiwa jambo linalokaribia hilo: ndani ya majina yao marefu mmoja ana Minik na mwingine Ivalo, majina ya Greenland. Mama mkwe atapata ukoo wake kwenye karatasi, na watoto wakikua wataamua wenyewe lipi litangulie. Kulwa na Doto yana faida moja zaidi kwako: yanafaa jinsia zote, hutalazimika kutafuta umbo la kike na la kiume kama Mluo au Mganda.

Lakini jihadhari na kitu kimoja: linaloshinda ni jina linaloitwa nyumbani, si lililo kwenye cheti. Bibi akianza kumwita Doto akiwa na siku tatu, na majirani wakadakia, hilo jina la kwanza ulilolichagua kwa uangalifu litajulikana kwa mwalimu peke yake. Kama unalitaka, litumie wewe na baba yao kuanzia wodini, na mwombeni bibi awaunge mkono. Ukiona moyo wako wenyewe uko kwa Kulwa na Doto, basi waite hivyo moja kwa moja wala usione haya mbele ya mdogo wako, nimeshasema hayatachuja. Nisingekubali tu uyachukue kwa kumwogopa mama mkwe, wala uyakatae kwa kuwaogopa watoto wa shule.

La tahajia. Wengine huandika Kulwa, wengine Kurwa. Wengine Doto, wengine Dotto. Hakuna lililo kosa, ila chagueni moja na liwe hilohilo kwenye tangazo la kizazi, cheti, kadi ya kliniki na fomu ya shule. Herufi moja ikitofautiana, mtoto atakuja kula kiapo cha jina akiwa na miaka 18, siku ambayo alitaka tu kuomba pasipoti.

Majina binafsi mnaweza kuyaamua hata leo, kwa kuwa mnajua nani mvulana na nani msichana. Kulwa na Doto hamwezi, maana hamjui nani atatangulia. Mwambie mkunga mapema, na kama ni upasuaji umwambie daktari kabla ya dawa ya usingizi: waandike saa na dakika ya kila mmoja, na kila mmoja avalishwe utambulisho wake mkononi mara tu anapotoka.